Urafiki wa Mama wa Maziwa na Mama wa Mboga

(Haya ni maneno tuliyosema katika mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Garissa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Tumesikia salamu zote mbili zikiitikiwa kutoka kila pembe ya chumba hiki, na wengine wameitikia zote mbili. Hiyo ndiyo Garissa tunayoijua sisi.

Katika barua ya mwaliko tuliandika kwamba leo tutafundisha juu ya vitabu vya hesabu. Tutafundisha, lakini mchana, baada ya chakula. Asubuhi hii tunaomba tuseme jambo lingine kwanza. Wiki tatu zilizopita tulipokea barua kutoka kikundi kimoja. Hatutakitaja jina, na tafadhali msianze kutazamana. Barua iliuliza: sanduku la kikundi linagawanywaje, ikiwa wanachama wanataka kuwa vikundi viwili, kimoja cha akina mama Wasomali na kimoja cha akina mama waliotoka mikoa mingine? Hakuna pesa iliyopotea. Hakuna aliyekula mkopo. Tulipokwenda kuuliza sababu tuliambiwa tu, "Ni vizuri kila mtu akae na wake, tusije tukasumbuana."

Tukirudi njiani hatukuzungumza sana. Sisi ni wahudumu wa jamii, tumesomea diploma, tumefundishwa katiba ya kikundi, kura, na kumbukumbu za mikutano. Tulitafuta jibu la barua ile katika madaftari yetu ya chuo, hatukuliona. Kwa hiyo tumeamua kuwajibu kwa habari za watu.

Tuanze na wanawake wawili ambao baadhi yenu mnawajua. Wametupa ruhusa ya kusimulia habari zao kwa sharti tusiwataje. Mmoja wao alisema, "Mkitaja jina langu, wateja watasema sasa nataka kura." Basi wa kwanza tumwite Mama wa Maziwa. Ni Msomali, amezaliwa katika familia ya wafugaji, hakuingia darasani hata siku moja. Hesabu zake zote ziko kichwani. Mwulize nani alichukua lita ngapi Jumanne iliyopita, atakuambia, na atakuambia pia alikuwa amevaa nini. Anaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ngamia. Wa pili tumwite Mama wa Mboga. Ametoka upande wa Mwingi, ni Mkatoliki, alimaliza darasa la saba, akaolewa na fundi wa ujenzi aliyekuja Garissa kutafuta kazi. Huyu ni mtu wa polepole. Hasemi mpaka aulizwe mara mbili, na kila kitu anaandika katika daftari, hata sukuma iliyonyauka na kutupwa.

Walikutana mwaka 1984. Huo ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa, na wazee wanaukumbuka kwa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mama wa Maziwa hakuwa na maziwa wakati huo. Mifugo ya baba yake ilikuwa imekwisha, na ndiyo sababu alikuwa mjini. Kwenye foleni ya mahindi alimwona mwanamke mgeni, ana mtoto mgongoni, anasukumwa nyuma na kila anayekuja. Basi akapiga kelele. Alipiga kelele mpaka foleni ikafunguka na yule mwanamke akapita mbele. Walipofika kwenye mizani, yule mgeni mkimya ndiye aliyeona kwamba kipimo cha mwenzake kimepungua kilo moja. Alionyesha kwa kidole tu, hakusema neno. Kilo ikaongezwa.

Tuliwauliza kama siku hiyo ndipo walipokuwa marafiki. Wote wawili walicheka. Mama wa Maziwa alisema kwamba mwezi mzima baadaye alikuwa hajui hata jina la mwenzake. Alimwita tu "abaayo", yaani dada, kama Wasomali wanavyomwita mwanamke yeyote wa rika lao.

Urafiki wenyewe, wanasema, ulianza na sufuria. Mama wa Maziwa alikuwa akipita nyumbani kwa mwenzake, lakini hakula kitu. Hakuwa na uhakika nyama imechinjwa na nani, wala sufuria imepikiwa nini. Hakutaka kumwaibisha mwenye nyumba, kwa hiyo kila siku alisema, "Nimeshiba." Mwaka wa njaa, na yeye kila siku ameshiba! Mama wa Mboga si mjinga. Hakumwuliza. Alikwenda akanunua sufuria ndogo na birika, akafunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa sufuria, akawaonya watoto kwamba atakayeigusa ataona. Nyama akanunua kwa mchinjaji Mwislamu. Siku rafiki yake alipokuja tena, alimwonyesha sufuria ile, akaendelea kuchambua mboga zake. Mama wa Maziwa aliketi akala.

Sufuria iliyopo sasa ni ya tatu. Ya kwanza ilitoboka, ya pili iliibiwa.

Miaka mingi baada ya hapo haina habari kubwa. Walizaa, walizika, walikopeshana, walikosana juu ya mbuzi aliyekula miche ya nyanya. Tutairuka. Lakini mwisho wa mwaka 1997 na mwanzo wa 1998 lazima tuutaje, kwa sababu una somo kwa wale wenye miradi. Mvua za El Niño zilipokuja, mto Tana ulifurika, mashamba ya kando ya mto yakazolewa, barabara zikakatika. Mboga zikaisha. Halafu ukaingia ule ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa, unaotoka kwa mifugo kuja kwa watu. Mbuzi na kondoo walitupa mimba na kufa kwa wingi, na watu pia walikufa hapa Garissa. Tukaambiwa tusiguse damu ya mnyama mgonjwa wala tusinywe maziwa mabichi. Kwa hiyo hata maziwa hayakununuliwa tena. Wawili hawa wakabaki na vibanda viwili vitupu.

Mama wa Mboga ndiye aliyepata shauri. Kama watu wanaogopa maziwa mabichi, basi yachemshwe mbele ya macho yao. Wakaanza kuuza chai kwenye kibanda kimoja, sufuria inatokota mbele ya mteja, na mandazi pembeni. Mmoja alipika na kuandika, mwingine aliita wateja na kukumbuka madeni. Haikuwa faida kubwa, lakini watoto walikula. Tunawaambia hili kwa sababu mara nyingi wataalamu huja kutuambia tuunde kikundi cha watu wanaofanana. Wauza maziwa wawili siku ile wangefanya nini? Wangelia pamoja.

Sasa mtasema: hao ni wawili tu, na walikuwa na bahati. Hata sisi tulijiuliza hivyo. Kwa hiyo tutoke kidogo Garissa twende Wajir, ambako urafiki kama huu uliwahi kupimwa kwa risasi.

Wenye umri wanajua kwamba mkoa huu ulitangaziwa hali ya hatari Desemba 1963, na sheria zake hazikuondolewa mpaka 1991. Kabla hatujapumua, ukame wa mwanzo wa miaka ya 1990 ukaua mifugo, silaha zikaingia kutoka ng'ambo ya mpaka, na kuanzia 1992 koo za Wajir zikapigana. Hapo hapakuwa na mambo ya Mkristo na Mwislamu. Walikuwa Waislamu watupu, Wasomali watupu, lugha moja. Anayedhani kwamba akikaa na wake hatasumbuliwa, aende akawaulize watu wa Wajir.

Katika mji huo aliishi Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka 1964. Alikuwa mwalimu, mke na mama wa watoto. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi usiku mmoja mwaka 1993 risasi zilivyopita juu ya nyumba, naye akajilaza na mtoto wake chini ya kitanda mpaka kulipopambazuka. Asubuhi alizungumza na rafiki yake mmoja jirani, ambaye usiku wake ulikuwa kama huo huo. Mama yake Dekha alikuwa akisikiliza. Akawakumbusha kwamba hata yeye, Dekha alipokuwa mtoto mchanga wakati wa hali ya hatari, alijificha naye chini ya kitanda. Sasa yule mtoto amekuwa mama, na bado yuko chini ya kitanda.

Tunaomba mfikirie asubuhi hiyo. Hapakuwa na mkutano, hapakuwa na mradi wala mfadhili. Palikuwa na mwanamke, jirani yake, na mama mzee anayesema ukweli. Wakaamua kuwatafuta wanawake wengine, wa koo zile zilizokuwa zinapigana, na mambo yakaanzia sokoni. Kwa nini soko? Kwa sababu vita vilikuwa vimeingia mpaka kwenye maziwa: mwanamke wa ukoo huu hauziwi na wa ukoo ule, na maneno ya wanawake sokoni yakifika nyumbani yanawasha bunduki za wanaume. Basi wakaweka wanawake wa kuangalia soko, ili mama yeyote, wa ukoo wowote, auze na anunue bila kutukanwa. Walipoona soko limetulia wakawaendea wazee. Septemba 1993 wazee wa koo wakakubaliana katika lile linaloitwa Azimio la Al-Fatah. Vijana wakaingizwa, wafanyabiashara, watu wa dini, maofisa wa serikali. Mwaka 1995 kazi yote ikawekwa chini ya Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na njia yao ikaigwa katika wilaya nyingine za Kenya. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood huko Stockholm. Mwanzoni mwa 2008, nchi yetu ilipokuwa inawaka baada ya uchaguzi, alikuwa mmoja wa Wakenya wachache waliokusanyika Nairobi kutafuta amani, yeye mama wa Wajir, pamoja na mabalozi na majenerali wastaafu. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya gari.

Watu wakisimulia habari za Dekha huanza na tuzo. Sisi tunaona afadhali kuanza na jirani yake. Kama wawili wale wasingekuwa wamezoea kuzungumza asubuhi, habari ya chini ya kitanda ingebaki chini ya kitanda.

Na kabla ya Dekha, Wajir hiyo hiyo ilikuwa na Annalena Tonelli. Alikuwa Mwitaliano aliyesomea sheria, akafika Wajir mwaka 1970, msichana wa miaka 27. Alisema mwenyewe kwamba kila kitu kilikuwa kinyume naye: kijana, mweupe, Mkristo, na tena hana mume, jambo ambalo huku kwetu halieleweki. Alitibu kifua kikuu cha wafugaji. Aliwakalisha wagonjwa katika manyatta kama nyumbani kwao, wameze dawa mbele ya macho ya mhudumu mpaka zimalizike. Alipoishi huko hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake wachache, na mmoja wao ni Maria Teresa Battistini, aliyejishughulisha na watoto walemavu. Mmoja mwanasheria aliyegeuka mganga wa kifua, mwingine amezungukwa na watoto wasioweza kutembea. Februari 1984, watu walipouawa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Annalena alikwenda kuokota majeruhi na maiti, na habari zikafika nje ya nchi. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya. Akaenda kuwahudumia Wasomali ng'ambo, mpaka alipopigwa risasi Borama tarehe 5 Oktoba 2003. Miaka kumi baadaye barua zake alizoandika kutoka Kenya zilichapishwa kuwa kitabu, na Maria Teresa alikuwa miongoni mwa waliozikusanya. Sisi tunaofanya kazi ofisini tunajua maana ya kutunza karatasi za mtu aliyekufa. Si kazi ya siku moja.

Turudi Garissa. Hapa sasa tunafika mahali pagumu, na tuliwaahidi wale wawili kwamba hatutapaka sukari.

Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa wakati wa ibada, kanisa kuu letu na lile la AIC. Watu 17 waliuawa. Mama wa Mboga alikuwa kanisani asubuhi hiyo. Hakuumizwa mwilini. Lakini Jumatatu alipita mbele ya rafiki yake wa miaka 28 bila kumsalimu. Jumanne vilevile. Mama wa Maziwa alimpelekea nusu lita nyumbani, kama alivyozoea. Chupa ikarudishwa na mtoto, haijafunguliwa. Waislamu wa mji walikuja kutoa pole, vijana wakajitolea kulinda makanisa, viongozi wa dini walishikana mikono, na hayo yote yalikuwa mambo mema. Lakini kati ya vibanda viwili pale sokoni palikuwa kimya. Kimya hicho kilidumu miezi mitano.

Tulimwuliza Mama wa Mboga alikuwa anafikiri nini. Alijibu baada ya kuulizwa mara mbili. Alisema, "Nilijua si yeye. Nilijua. Lakini kila nikiona buibui, mwili unatetemeka. Sikumchukia. Niliogopa macho yangu mwenyewe."

Na Mama wa Maziwa? Yeye alikasirika. Alisema, na tunaandika kama alivyosema: "Kwani mimi ndiye nilitupa bomu? Mwaka wa 80 nilikuwa msichana, askari wakachoma Bulla Kartasi yote, nikalala njaa uwanjani na mama yangu. Nilipokutana naye 84, nilimwuliza kama askari wale walikuwa wa kabila lake? Sikumwuliza." Maneno hayo hakuwahi kumwambia mwenzake usoni mpaka siku ile tutakayoisema.

Kilichowapatanisha ni deni. Msicheke, au chekeni, ni sawa tu. Mama wa Mboga alikuwa na deni la maziwa la shilingi 340 tangu Juni. Mwezi wa Desemba Mama wa Maziwa alichoka. Akavuka njia, akasimama mbele ya kibanda, akadai pesa zake kwa sauti mpaka soko zima likageuka. Mama wa Mboga akatoa daftari. Akasema deni ni 310. Yule akasema 340, na Ijumaa ile ulichukua chupa mbili, ulikuwa na kitenge cha kijani. Wakabishana, mmoja na daftari, mwingine na kichwa chake, kama walivyobishana miaka yote. Halafu hasira ikatoka kwenye shilingi ikaenda mahali pake. Ndipo habari ya Bulla Kartasi iliposemwa. Ndipo na habari ya Jumapili ile iliposemwa, risasi baada ya risasi, watoto waliolala chini ya mabenchi. Waliosimama pale wanasema wote wawili walilia, lakini wenyewe wanakataa. Daftari lilikuwa limekosea, ilikuwa 340. Akalipwa 340.

Walipopata tena kuzungumza walikuwa bado na mwaka mmoja mgumu zaidi mbele yao. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi, na waliowaua waliwatenga Wakristo na Waislamu. Mnakumbuka wiki hizo. Amri ya kutotoka nje usiku, magari yamejaa watu na magodoro yanavuka daraja kuelekea Mwingi na Nairobi, shule hazina walimu. Mama wa Mboga naye aliondoka. Watoto wake walimjia usiku, wakampakia kwenye gari, hakuaga mtu.

Kibanda kilibaki na nyanya ndani. Asubuhi Mama wa Maziwa alikiona kimefungwa, akaelewa. Alivunja kufuli. Watu walimwuliza unafanya nini, akasema nyanya zitaoza. Aliuza nyanya. Kesho yake alikwenda mtoni kwa wakulima akanunua nyingine, yeye ambaye maisha yake yote alisema majani ni chakula cha mbuzi. Ushuru wa soko alilipa kila siku ili kibanda kisipewe mtu mwingine. Kila Jumamosi alimwomba mjukuu wake abonyeze simu, pesa zinaenda Mwingi kwa M-Pesa. Na kwenye kikundi chao, ambacho katiba yake inasema anayekosa michango mitatu amejiondoa, alilipa michango miwili kila wiki, shilingi 50 na 50, akamwambia mwandishi: "Andika. Yupo. Amechelewa tu."

Alichelewa miezi saba. Novemba alirudi, akakuta kibanda kina rangi mpya na bei zote zimekosewa. Ya kwanza aliyouliza ni kufuli lake liko wapi. Wanabishana mpaka leo nani alipe kufuli.

Mwezi mmoja baada ya hapo, tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak. Wenye bunduki walitaka abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, abiria 28 wa basi lingine la Mandera walikuwa wametengwa hivyo hivyo wakauawa. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Akina mama waliwavisha wanawake Wakristo mitandio yao ili wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 alifariki kutokana na jeraha hilo. Tunapoliwaza jambo hili tunarudia swali moja dogo. Yule mama aliyevua mtandio wake akamfunika mwenzake, alijuaje haraka hivyo afanye nini? Muda ulikuwa dakika ngapi? Hapakuwa na nafasi ya kuitisha kura. Sisi tunadhani mikono yake ilikuwa imezoea. Huenda nyumbani kulikuwa na jirani, huenda shuleni kwa watoto wake kulikuwa na mwalimu wa kutoka mbali aliyekuwa akimpelekea chai. Hatusemi tunajua. Tunadhani.

Kwa hiyo ndugu zetu wa ile barua, jibu letu la kiofisi ni hili. Katiba yenu inaruhusu kugawanyika kama theluthi mbili ya wanachama watapiga kura, baada ya mikopo yote kurudishwa na vitabu kukaguliwa. Sisi hatuna uwezo wa kuwazuia, na mkiamua hivyo tutakuja kuhesabu pamoja nanyi, shilingi kwa shilingi, bila kununa. Lakini tumeangalia kitabu chenu cha mikopo kama mlivyokileta. Katika mikopo 19 ambayo haijalipwa, 11 imedhaminiwa na mtu wa upande ule mwingine. Msomali amemdhamini Mmeru, Mkamba amemdhamini Msomali. Mkigawa sanduku, hao wadhamini mtawaweka upande gani? Sisi tumejaribu kwenye karatasi usiku mzima, tumeshindwa.

Tunapendekeza jambo moja kabla ya kura. Sanduku lenu lina kufuli tatu, na sasa funguo zote tatu ziko kwa watu wanaokaa mtaa mmoja. Hilo si kosa la dini, ni uvivu tu wa kutembea. Badilisheni. Ufunguo mmoja ukae Bula Iftin, mmoja Garissa Ndogo, mmoja karibu na mto, ili kulifungua sanduku lazima watu watatu watembeleane. Jaribuni miezi mitatu. Atakayetembea akute chai, na mwenye nyumba ajue mgeni wake anakunywa katika chombo gani.

Sasa matangazo. Mkutano wa kupiga kura wa kikundi hicho utakuwa Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, chini ya mwarobaini wa kawaida. Kila mwanachama aje na kitabu chake cha akiba, hata kama kimeliwa na panya. Mama wa Maziwa na Mama wa Mboga wamekubali kuja, ingawa mmoja amesema hataongea na mwingine amesema ataongea kwa niaba ya wote wawili. Chai itapikwa katika masufuria mawili. Lile lenye kitambaa chekundu tumeazima, na tumeahidi kulirudisha siku hiyo hiyo.

Baada ya chakula, basi, vitabu vya hesabu. Leteni kalamu.